Shaba Imeondoka, Shimo Limebaki

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni huleta neema katika nyumba iliyompokea: kuku huchinjwa, watoto hushiba, na habari za mbali husikika. Katika makala haya tunataka kumtazama mgeni wa namna nyingine, yule ajaye na hati ya kuchimba mkononi na ahadi ya maendeleo mdomoni, kisha tuulize kama mwenyeji alipona.

Wengi wetu hudhani kwamba dhuluma ya machimbo ni jambo la nchi maskini, zisizo na wanasheria wa kutosha wala mahakama zenye nguvu. Kwa sababu hiyo tumechagua mfano kutoka Marekani yenyewe. Jimbo la Montana liko kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, likipakana na Kanada. Eneo lake ni kama theluthi mbili za Kenya, lakini kwa hesabu ya mwaka 2020 wakazi wake walikuwa milioni moja na kitu tu. Upande wa magharibi ni milima ya Rocky, yenye misitu ya misonobari na theluji inayokawia vileleni hadi kiangazi. Upande wa mashariki ni nyanda za majani zisizoonekana mwisho wake, zenye upepo mkali, mvua haba, na baridi ya kuua ng'ombe malishoni. Mito ya mashariki humwaga maji yake katika Missouri. Ile ya magharibi, ukiwamo Clark Fork, huelekea bahari ya Pasifiki. Tunamwomba msomaji aukumbuke mto huo wa Clark Fork, maana tutaurudia.

NCHI ILIYOKUWA NA WENYEWE

Vitabu vya zamani vya Marekani viliziita nchi kama hiyo mpaka, yaani mahali ambapo makazi ya watu huishia na nyika huanzia. Lakini nyika hiyo ilikuwa na wenyewe. Walikuwako Blackfeet, Crow, Salish, Cheyenne, Assiniboine na wengineo, walioishi kwa kuwinda nyati na kuchimba mizizi, wakihama kwa kufuata majira. Dhahabu ilipoonekana mahali paitwapo Bannack mwaka 1862, na mwaka uliofuata katika bonde la Alder, wachimbaji walimiminika kwa maelfu. Mwezi wa Mei 1864 serikali ya Washington ikaifanya Montana kuwa eneo lenye gavana wake, ingawa halikuwa bado jimbo kamili.

Alfajiri ya tarehe 23 Januari 1870, askari wa serikali waliishambulia kambi ya Blackfeet kando ya mto Marias, wakaua watu wapatao 200, walio wengi wao wanawake, watoto na wazee, na kambini mlikuwa na wagonjwa wa ndui. Tena kambi hiyo haikuwa ile waliyotumwa kuitafuta. Mwaka 1876 Lakota na Cheyenne walimshinda jemadari Custer katika vita vya Little Bighorn, lakini ushindi huo haukuwarudishia nchi. Nyati waliokuwa mamilioni waliuawa kwa ajili ya ngozi zao, hata kufikia mwaka 1884 wale wa mwituni walikuwa wamebaki mamia machache. Katika majira ya baridi ya 1883 kuingia 1884, mamia ya Blackfeet walikufa kwa njaa huku wakingojea chakula walichokuwa wameahidiwa na serikali.

Kisa cha Salish kinatugusa kwa namna ya pekee. Hao ndio waliotuma wajumbe mara kadhaa, safari ya miezi, kwenda kuwaita mapadre. Na mwaka 1841 Padre De Smet, Mjesuiti, alianzisha misioni ya Mtakatifu Maria katika bonde lao la Bitterroot. Mkuu wao, Charlo, hakupigana na wazungu, bali alikataa tu kuondoka katika ardhi ya baba zake. Mwezi wa Oktoba 1891, miaka miwili baada ya Montana kuwa jimbo, yeye na watu wake walihamishwa kutoka Bitterroot na kupelekwa kaskazini katika eneo walilotengewa. Walikuwa Wakristo, walikuwa watu wa amani, na walikuwa wenyeji tangu kale. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililowalinda. Tena mwaka 1910 hata eneo hilo walilotengewa lilifunguliwa kwa walowezi.

Tumeanza na habari hizi kwa makusudi. Historia ya migodi mara nyingi huanza kusimuliwa siku mgodi ulipofunguliwa, kana kwamba kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu.

KATIBA YA WENYE MIGODI

Reli ya kwanza ya kuvuka Montana ilikamilika mwezi wa Septemba 1883. Wakati huo, katika mji wa Butte ulio juu milimani, Marcus Daly, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa amenunua mgodi uitwao Anaconda. Alikuwa akitafuta madini ya fedha. Mwaka 1882 wachimbaji wake wakafikia mkanda mnene wa shaba. Hiyo ilikuwa bahati ya ajabu, maana ndio wakati umeme ulipoanza kuenea duniani, na umeme ulipitishwa katika nyaya za shaba. Daly akajenga kiwanda kikubwa cha kuyeyushia mawe ya shaba umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Butte, na mji ulioota kukizunguka kiwanda ukapewa jina la mgodi.

Montana iliingia katika Muungano wa Marekani tarehe 8 Novemba 1889, ikiwa jimbo la 41. Wakazi wake hawakuzidi laki moja na nusu. Jimbo jipya linahitaji katiba, na katiba huandikwa na watu. Mwenyekiti wa mkutano ulioiandika alikuwa William Clark, mwenye benki na mwenye migodi, aliyekuwa mshindani mkubwa wa Daly. Katiba hiyo iliagiza kwamba migodi itozwe kodi kwa faida iliyobaki tu baada ya gharama zote kutolewa, na aliyezijua gharama hizo ni mwenye mgodi. Mkulima na mfugaji, kwa upande wao, walilipa kodi kwa ardhi na mifugo yao hata mwaka ambao hawakuvuna kitu.

Katika mkutano huohuo Clark aliusifu hata moshi wa Butte. Alidai kwamba unaua vijidudu vya magonjwa, na kwamba aseniki iliyomo huwapa wanawake wa mji sura nzuri. Moshi huo ulitoka katika malundo ya mawe ya shaba yaliyochomwa hadharani katikati ya makazi, na kulikuwa na siku ambazo taa ziliwashwa mchana ili watu waweze kuiona njia. Miti na majani vilikufa. Clark mwenyewe alikuwa na uwezo wa kwenda kupumua hewa ya mahali pengine.

Hapa ndipo lilipo jambo kuu tunalotaka kulisema. Jimbo changa, kama mtoto mchanga, halijui thamani ya kile linachokipa wengine. Lina haraka ya kupata reli, ajira na jina. Kwa hiyo masharti ya kwanza huandikwa na yule aliye tayari na fedha, tena huandikwa katika sheria iliyo ngumu kuliko zote kuibadilisha. Montana iliyatoa hayo mwaka 1889 katika muda wa wiki chache. Kuyarudisha, kama tutakavyoona, kulichukua miaka 83.

SIKU JIMBO LILIPOFUNGWA

Zamani hizo maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Mwaka 1899 mjumbe mmoja wa bunge la Montana alionyesha hadharani noti za dola 30,000, akisema ni hongo iliyotolewa ili Clark achaguliwe. Clark akachaguliwa hata hivyo. Kamati ya Seneti ilipochunguza iliona kwamba hakustahili kiti hicho, naye akajiuzulu mwaka 1900. Lakini mwaka 1901 bunge la Montana likamchagua tena, na safari hii akakaa hadi mwisho wa kipindi chake mwaka 1907. Aibu ya namna hii ilisaidia kuleta badiliko la katiba ya Marekani la mwaka 1913, ambalo liliwapa wananchi wenyewe haki ya kuchagua maseneta.

Wakati huohuo mali ya Daly ilikuwa imeingia mikononi mwa watu wa mbali zaidi. Mwaka 1899 matajiri wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil waliunda kampuni ya Amalgamated Copper, yenye makao New York, wakainunua Anaconda. Mpinzani wao mjini Butte, F. Augustus Heinze, aliwashinda mara kwa mara mahakamani kwa msaada wa mahakimu aliowaweka yeye. Mwezi wa Oktoba 1903 hakimu mmojawapo alipotoa hukumu nyingine dhidi ya kampuni, kampuni ilifunga kila kitu ilichokuwa nacho Montana: migodi, viwanda vya kuyeyushia, viwanda vya mbao, machimbo ya makaa ya mawe, hata maduka. Wafanyakazi wapatao 15,000 walijikuta bila kazi huku majira ya baridi yakikaribia.

Kampuni ilitoa sharti moja. Gavana aitishe bunge katika kikao cha pekee, na bunge lipitishe sheria ya kumruhusu mshitakiwa kumkataa hakimu anayemwona ana upendeleo. Gavana Toole aliitisha kikao, sheria ikapita mwezi wa Desemba, na milango ikafunguliwa.

Mtu anaweza kusema kwamba sheria yenyewe haikuwa mbaya, na kwamba mahakimu wa Heinze hawakuwa safi. Twakubali. Lakini tutazame namna ilivyopatikana. Serikali iliyochaguliwa na watu ilipewa amri na ofisi iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 3,000, na silaha iliyotumika ilikuwa njaa ya watoto wa wafanyakazi. Tangu siku hiyo kila mbunge wa Montana alijua mwenye nguvu ni nani. Polepole kampuni ikayashika pia magazeti makubwa ya Butte, Helena, Missoula na Billings, ikayamiliki hadi mwaka 1959. Mwananchi alisoma habari za kampuni kutoka kwa kampuni.

WALIOSHUKA CHINI

Tusiwe wadhalimu katika kusimulia. Butte iliwapa watu kazi, na kazi yenye mshahara. Waireland, watu wa Cornwall, Wafini, Waserbia, Waitalia na wengine wengi walikuja, na mchimbaji alilipwa dola tatu na nusu kwa siku, mshahara mzuri kwa nyakati zile. Mshahara huo, hata hivyo, haukutolewa kama zawadi. Chama cha wachimbaji wa Butte kilianzishwa mwaka 1878 ili kupinga wamiliki waliotaka kuupunguza hadi dola tatu. Mwaka 1893 ndiko Butte ulikoanzishwa muungano wa wachimbaji wa magharibi yote. Kwa shaba hiyo miji ya dunia iliwashwa taa. Kila aliyesoma usiku chini ya taa ya umeme miaka ile aliwiwa deni na watu waliokuwa gizani.

Usiku wa tarehe 8 Juni 1917, katika mgodi wa Speculator, uliokuwa wa kampuni nyingine ya hapo Butte, mafundi walikuwa wakiteremsha waya mkubwa wa umeme, sehemu ya kazi ya kuuongezea mgodi kinga dhidi ya moto. Waya uliponyoka ukaanguka shimoni. Msimamizi aliyeshuka kuutazama alikuwa na taa yenye moto wazi, na moto ukagusa kitambaa chenye mafuta kilichoufunika waya. Shimo lililoingiza hewa likageuka kuwa bomba la moshi. Watu 168 walikufa, walio wengi kwa kukosa hewa. Sheria ya jimbo iliagiza kwamba kuta za kuzitenga njia za chini ziwe na milango ya kupitia. Wengi walikuta kuta za saruji zisizo na mlango, na maiti zao zilipatikana mbele ya kuta hizo.

Katikati ya msiba huo tunapenda kulitaja jina la Manus Duggan. Aliwakusanya wenzake, wakaziba njia kwa mbao, udongo na nguo zao wenyewe ili gesi isiwafikie, wakakaa gizani zaidi ya siku moja. Watu 25 kati ya wale aliokuwa nao waliokolewa. Yeye mwenyewe hakutoka hai. Alikuwa kijana aliyeoa karibuni.

Baada ya moto, maelfu ya wachimbaji waligoma. Walidai mambo ya usalama, na pia mwisho wa kadi ambayo kila mtafuta kazi alitakiwa kuwa nayo, iliyoiwezesha kampuni kumfungia mlango yeyote mwenye maneno mengi. Usiku wa kuamkia Agosti mosi 1917, watu waliofunika nyuso walimtoa kitandani Frank Little, mwanaharakati wa wafanyakazi aliyekuwa amevunjika mguu, wakamnyonga kwenye daraja la reli. Hakuna aliyehukumiwa kwa tendo hilo hadi leo. Mwezi wa Februari 1918 bunge la Montana likapitisha sheria kali ya uchochezi. Watu wa kawaida, wakulima na wahudumu wa baa, walifungwa kwa maneno yaliyosemwa katika mazungumzo. Mwaka 2006 gavana wa Montana aliwasamehe 78 kati yao, ambao wote walikuwa wamekwisha kufa. Haki iliyochelewa miaka 88 iliwafikia jamaa zao tu.

WALIOPIGWA NA NYANDA

Mashariki ya jimbo hapakuwa na shaba. Huko ahadi ilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1909 ilimpa kila mlowezi ekari 320 bure mahali pakavu, na wenye reli wakatangaza hadi Ulaya kwamba kwa kulima vizuri mvua kidogo inatosha. Watu waliitika kwa makumi ya maelfu. Kwa miaka michache mvua ilinyesha na bei ya ngano ikapanda kwa sababu ya vita. Kisha ukame ukaanza mwaka 1917, na baada ya vita bei ikaanguka. Nusu ya benki za jimbo zilifungwa. Kati ya mwaka 1920 na 1930, Montana ndilo jimbo pekee la Marekani ambalo watu wake walipungua. Nyumba za mbao zilizoachwa na familia hizo zipo mpaka leo katika nyanda, zimeinama upande upepo uendako.

Tunayataja haya kwa kifupi kwa sababu yanaonyesha kwamba tatizo halikuwa shaba peke yake. Mwenye kuleta ahadi alipata nauli ya treni na riba ya mkopo. Hasara ya mavuno ilibaki kwa mkulima.

MTO NA SHIMO

Sasa turudi kwenye mto. Kiwanda kipya cha Anaconda kilipowashwa mwaka 1902, farasi na ng'ombe wa wakulima wa bonde la Deer Lodge walianza kufa kwa majani yenye aseniki. Wakulima walikwenda mahakamani mwaka 1905. Mwaka 1909 jaji aliamua kwamba madhara ya kukifunga kiwanda yangekuwa makubwa kuliko madhara waliyoyapata wakulima. Ndivyo wanyonge wanavyopoteza kesi nyingi, kwa kuwekwa katika mizani pamoja na kitu kikubwa.

Mabaki ya migodi yalitupwa katika kijito cha Silver Bow, yakabebwa na maji hadi Clark Fork. Mwaka 1908 mafuriko makubwa yaliyasukuma yakajikusanya nyuma ya bwawa jipya la Milltown, kilomita nyingi kuelekea bondeni. Yalikaa hapo kimya. Mwaka 1981 ndipo ilipogunduliwa kwamba maji ya visima vya kijiji hicho yana aseniki.

Huko Butte, mwaka 1955, kampuni iliacha sehemu kubwa ya uchimbaji wa chini na kuanza kuufukua mlima kutoka juu. Shimo hilo liliitwa Berkeley. Lilipopanuka lilimeza mitaa ya watu, ukiwamo Meaderville, mtaa wa Waitalia. Mwaka 1977 Anaconda ilinunuliwa na kampuni ya mafuta ya ARCO. Mwaka 1980 kiwanda cha kuyeyushia kilifungwa, na mwezi wa Aprili 1982 uchimbaji katika shimo la Berkeley ulisimama, na pampu zilizokuwa zikitoa maji ya chini zikazimwa.

Maji yalianza kupanda. Yalipopita katika mawe yenye salfa yaligeuka tindikali, yakabeba shaba, aseniki na madini mengine. Mwezi wa Novemba 1995 kundi la mabata bukini meupe lililokuwa likihama lilitua katika ziwa hilo wakati wa dhoruba, na mizoga 342 ikahesabiwa. Mwaka 2016 walikufa maelfu. Tangu mwaka 2019 maji yanavutwa na kusafishwa kabla ya kuachiliwa kijitoni, na kazi hiyo haina tarehe ya kwisha. Itafanywa na watoto ambao hawajazaliwa, kwa ajili ya shaba iliyouzwa na watu waliokufa zamani.

YALIYOWEZEKANA

Kama habari zetu zingeishia hapa, tungekuwa tumefundisha kukata tamaa tu. Lakini watu wa Montana hawakukaa kimya, na yale waliyoyafanya yanastahili kusomwa kwa makini kuliko dhuluma yenyewe.

Mwaka 1919 mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha jimbo, Louis Levine, alisimamishwa kazi kwa kuchapisha utafiti ulioonyesha jinsi migodi inavyolipa kodi ndogo. Baadaye alirudishwa, na hoja zake hazikuweza kusimamishwa. Gavana Joseph Dixon aliwaeleza wananchi kwamba mwaka 1922 migodi ya madini ilitoa mali ya dola milioni 20 hivi, na jimbo likapata kodi isiyofika dola 14,000. Katika uchaguzi wa mwaka 1924 kampuni ilimpiga vita hadi akashindwa. Lakini siku hiyohiyo, kwa kura zilezile, wananchi waliipitisha sheria yake ya kodi ya migodi. Walikuwa wameyasoma magazeti ya kampuni, na bado walijua kuhesabu.

Mwaka 1972 waliandika katiba mpya. Wajumbe walikuwa 100, kati yao wanawake 19. Waliketi kwa kufuata herufi za majina yao wala si kwa vyama, na wabunge waliokuwa madarakani hawakuruhusiwa kuwa wajumbe. Katiba hiyo ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, kwamba ardhi iliyochimbwa lazima irudishwe katika hali nzuri, na kwamba jimbo litaheshimu urithi wa wenyeji wa asili katika elimu. Ilipita kwa tofauti ya kura zisizofika 3,000.

Makaa ya mawe yalipoanza kuchimbwa kwa wingi mashariki, jimbo lilikuwa limejifunza. Mwaka 1975 liliweka kodi iliyofikia asilimia 30, na mwaka uliofuata wananchi walipiga kura kwamba sehemu ya mapato hayo iwekwe akiba ya kudumu kwa ajili ya siku ambazo makaa yatakuwa yamekwisha. Kampuni zilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1981 zikashindwa. Baadaye kiwango cha kodi kilipunguzwa hadi nusu, lakini akiba ipo.

Bwawa la Milltown lilibomolewa mwaka 2008, matope yenye sumu yakahamishwa, na mto ukafuata tena njia yake. Gharama za kusafisha zimewafuata hata wale waliomnunua mchafuzi, kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1980. Mwaka 2023 vijana 16 walishinda kesi dhidi ya jimbo lao kwa kutumia maneno yale ya katiba ya 1972, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Montana iliithibitisha hukumu hiyo.

NENO LETU

Tunajua jibu litakalotolewa na wengi: bila kampuni Montana ingebaki nyika, na mtu hawezi kula mandhari. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na hatulidharau. Watu wanahitaji kazi, na madini yamewekwa katika ardhi ili yamfae mwanadamu. Sisi hatusemi kwamba shaba ingeachwa chini. Tunasema kwamba shaba ileile ingeweza kuchimbwa mwaka 1889 kwa kodi ya mwaka 1924, kwa milango katika kuta za saruji, na kwa sharti la kusafisha lililoandikwa mwaka 1972. Shaba isingekuwa pungufu, wala umeme usingechelewa. Kilichokosekana kilikuwa nafasi ya mchimbaji, mkulima na mwenyeji wa asili katika chumba ambamo masharti yaliandikwa.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya iliyo karibu na mgodi, shamba kubwa au kiwanda ikutane kabla masharti hayajatiwa saini, na kama yamekwisha kutiwa, ikutane hata hivyo. Waulizane: Ni nani aliyeishi hapa kabla, na sasa yuko wapi? Anayechukua analipa nini, na hesabu zake zinakaguliwa na nani? Siku atakapoondoka, ni fedha ya nani itakayosafisha, na imewekwa wapi leo? Mzee anayekumbuka mipaka ya zamani asiachwe nyumbani, wala mama anayechota maji mtoni. Kisha majibu yaandikwe daftarini, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo, na daftari hilo litunzwe mahali ambapo watoto watalikuta.